Usibebe begi kabla notisi haijaisha

Juma lililopita binti ya shangazi yangu alinipigia simu usiku kutoka Doha, Qatar. Anafanya kazi kwenye dobi la nguo za hoteli. "Dada, kesho siendi tena. Nimepata kazi ya riali 1,500, nabeba begi langu naondoka." Nikamwambia, begi hilo usiliguse. Tukaongea mpaka bando langu likakatika.

Mimi nimelinda lango la jengo la ofisi hukohuko Doha miaka minne, zamu za saa kumi na mbili kwa siku. Nilipofika 2018, neno lililotutawala kambini lilikuwa NOC, yaani barua ya mwajiri kwamba hana pingamizi uhamie kazi nyingine. Bila barua hiyo, huhamii popote. Mwenzangu mmoja, Mganda, aliitwa na hoteli, akaomba barua mara tatu, akanyimwa mara tatu. Alirudi kwao analia, na sikuwa na la kumwambia.

Agosti 2020 Qatar ikatunga sheria mpya, namba 18 na 19, na hitaji la barua hiyo likaondolewa. Mfanyakazi anatoa notisi tu: mwezi mmoja kama hajazidisha miaka miwili kwa mwajiri huyo, miezi miwili kama ameizidisha. Mwaka uliofuata nami nikapata kazi nyingine, nikaipeleka notisi yangu kwenye mfumo wa mtandaoni wa wizara pamoja na barua ya ajira mpya.

Miezi miwili hiyo ilinikondesha. Msimamizi alinitishia mbele ya watu kwamba ataniripoti nimetoroka. Hilo ndilo la kuogopa. Ukishaandikwa mtoro unaweza kukamatwa na kurudishwa kwenu, na huyo mwajiri mpya hatakungoja. Kwa hiyo sikukosa zamu hata moja. Kila asubuhi nikishatia sahihi kwenye daftari la mahudhurio, naipiga picha, namtumia mama yangu huko Kwale aniwekee. Mama hakujua ni za nini, lakini alizitunza zote.

Nikamuuliza binti ya shangazi: una muda gani hapo? Miezi saba. Basi muda wa majaribio umekwisha, maana sheria haikubali uzidi miezi sita, na notisi yake ni mwezi mmoja. Angekuwa bado kwenye majaribio, mwajiri mpya angepaswa kumlipa yule wa zamani sehemu ya gharama za kumleta, isiyozidi mishahara miwili ya msingi. Deni hilo ni la mwajiri mpya. Mtu akitaka kukukata wewe, kataa.

Kuna jambo lililoniuma kumwambia. Kiinua mgongo, kisichopungua mshahara wa msingi wa wiki tatu kwa kila mwaka, humfikia aliyetimiza mwaka. Yeye atakikosa. Nilimshauri angoje miezi mitano, akasema kazi ile haitamngoja. Sikubishana naye, nami nilishawahi kuhesabu riali chini ya taa ya kambi.

Nilichomshikilia ni kimoja: asiondoke kabla mwezi haujaisha, na asitie sahihi karatasi ya Kiarabu ambayo hajasomewa na mtu anayemwamini.

Notisi ameipeleka. Ujumbe wa wizara ulipoingia kwenye simu yake alinitumia picha, nami nimeihifadhi. Leo ni siku ya tisa, na asubuhi ameniandikia neno moja tu: "Nimeingia."