Hina ya bibi harusi hupangwa kuanzia siku ya nikaha kurudi nyuma

Bibi harusi wengi wanaopakwa piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea, hawakuichagua. Muda uliwaishia. Nikaha ni Ijumaa, mchoraji kaitwa Alhamisi usiku, na hina ya kweli haiendi kwa haraka hiyo. Kwa hiyo ratiba ije kwanza, maua baadaye.

Hina ikibanduliwa huacha rangi ya chungwa, na wasiojua hudhani imeharibika. Rangi hukolea polepole hadi kufikia wekundu mzito baada ya saa 48 hivi. Nikaha ikiwa Ijumaa alasiri, bibi harusi achorwe Jumatano asubuhi, na hina ichanganywe Jumanne usiku. Singo, yaani kusuguliwa mwili, na kutoa nywele viishe kabla ya kuchora, kwa sababu rangi hukaa kwenye tabaka la juu la ngozi, na tabaka hilo ndilo singo inalolikwangua. Kungwi aking'ang'ania singo ya siku ya mwisho, asugue mgongo na mabega. Mikono na miguu aiache.

Kwenye unga ndiko fedha nyingi hupotea. Unga mzuri ni wa kijani na unanuka majani makavu. Ukigeuka kahawia, umezeeka na rangi yake imekufa, hata pakiti iwe na picha nzuri namna gani. Hina iliyotengenezwa kwa ajili ya nywele huwa na majani yaliyosagwa ovyo, na nyingine huongezwa dawa zisizoandikwa, kwa hiyo kwenye ngozi haifai. Chekecha unga kwa kitambaa chepesi au soksi ya nailoni. Kijiti kimoja tu kikiziba koni ya kuchorea, mstari hukatika na ua huharibika katikati.

Kwa gramu 100, zinazomtosha bibi harusi na kundi zuri la mashoga zake, anza na mililita 250 za maji ya ndimu yaliyochujwa, vijiko viwili vya chakula vya sukari na mililita 30 za mafuta ya mkaratusi. Mafuta hayo ndiyo yanayokoleza. Petroli na mafuta ya taa, ambayo wengine hutia kwa siri, huunguza ngozi. Usitie ndimu yote kwa mkupuo. Koroga mpaka mabonge yaishe, ufunike kwa plastiki iliyogusa hina yenyewe ili hewa isiingie, kisha uiache saa 8 hadi 12 kwenye joto la kawaida la pwani. Asubuhi juu patakuwa kahawia na chini kijani. Jaribu kwa kuweka tone kiganjani kwa dakika 5. Likiacha alama ya chungwa, iko tayari. Sasa ongeza ndimu kidogo kidogo mpaka iwe kama mtindi mzito, ijaze kwenye koni. Maji ya moto huharakisha rangi, lakini hina ya namna hiyo hufa mapema. Iliyobaki iweke kwenye friza, hukaa miezi kadhaa. Ikiachwa mezani, siku mbili zinaimaliza.

Sukari ina siri yake. Huifanya hina ishike ngozi na isipasuke, lakini hunyonya unyevu wa hewa. Msimu wa masika, Mombasa au Unguja, vijiko viwili vinaweza kuwa vingi: mistari inalowa, inatambaa, na majani ya ua yanaungana. Punguza hadi kijiko kimoja, na mchoraji akae mbali na dirisha linaloleta upepo wa mvua.

Kabla ya kuchora, mikono na miguu ioshwe kwa sabuni ikauke kabisa. Losheni na mafuta ya nazi huzuia rangi. Viganja na nyayo hukolea kuliko popote kwa sababu ngozi yake ni nene, na mgongo wa mkono hubaki mwepesi zaidi hata mchoraji awe fundi kiasi gani. Mwenye busara huweka kazi nzito kiganjani. Hina ikaushwe, kisha ipakwe juu kwa pamba iliyochovywa maji ya ndimu na sukari ili isibanduke mapema, na iachwe saa 6 au usiku kucha. Haioshwi. Hukwanguliwa kwa upande butu wa kisu, kisha hupakwa mafuta ya nazi, na maji yasiguse mpaka kesho yake. Hapo ndipo udhu unahitaji kupangwa mapema.

Upambaji wa Kiswahili wa miaka mingi huchora mpaka mweusi kwa piko na kujaza wekundu kwa hina. Unapendeza, sikatai. Lakini hina haiwi nyeusi kamwe. Weusi huo ni rangi ya nywele, na kinachofanya kazi ndani yake ni parafenilinidiamini, PPD. Umoja wa Ulaya hauiruhusu kwenye ngozi kabisa, na kwenye rangi ya nywele iliyokwisha changanywa haitakiwi kuzidi asilimia 2. Mwenye kudhurika huwashwa, huvimba, na malengelenge hufuata mstari wa ua lenyewe, mara nyingine siku kadhaa baada ya harusi. Kovu linaweza kubaki. Mwili ukishaikataa mara moja huikataa maisha yote, na rangi ya nywele miaka ya baadaye inaweza kumvimbisha uso. Anayetaka mpaka unaoonekana achore mistari ya nje mara mbili kwa hina ile ile, ya kwanza ikianza kukauka, na ndani ajaze kwa mistari myembamba.

Piko ikiwasha wakati bado ipo mkononi, ioshe mara moja kwa maji mengi na sabuni, bila kupasua lengelenge. Uso ukivimba au pumzi ikibana, ni hospitali bila kusubiri asubuhi.

Watoto wachanga wasipakwe hata hina safi. Wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao ni wengi kwenye nchi za malaria, chembe zao nyekundu za damu zinaweza kuvunjika kwa rangi inayopenya ngozini. Macho ya njano na mkojo mweusi baada ya hina ni dalili za kumkimbiza kwa daktari.