Skrini yangu ilikuwa inaingia usiku saa mbili asubuhi

Nalala chumba kimoja na mdogo wangu na kazi zangu nyingi nafanya usiku, sasa kila nikifungua laptopu ule ukurasa mweupe unamulika chumba kizima, dogo anageukia ukutani, "kaka zima hiyo taa ya uwanjani". Kuweka modi ya giza kwa mkono ni kubofya mara mbili tu, sikatai, ila nilikuwa nasahau, jioni nasahau kuweka asubuhi nasahau kutoa, nakaa dirishani na skrini nyeusi jua linapiga naona sura yangu tu. Wenye Mac toka 2019 inajibadilisha yenyewe, mimi niko Ubuntu 22.04 (aina ya Linux), ina Night Light lakini ile inatia rangi ya chungwa tu, kurasa nyeupe zinabaki nyeupe.

Nikasema nitumie cron, kile kipanga ratiba cha Linux kinachoendesha amri saa uliyoiwekea. Amri ni gsettings set org.gnome.desktop.interface color-scheme prefer-dark, kurudisha mwanga, badala ya prefer-dark unaweka default. Ukiipiga kwenye teminali inabadilika hapo hapo. Nikaitia kwenye crontab, orodha ya kazi za cron, nikasubiri jioni, kimya, kesho yake kimya. Kumbe cron inaendesha amri nje ya seshen yako, haijui desktopu yako iko wapi, mpaka uielekeze kwa kutanguliza DBUS_SESSION_BUS_ADDRESS=unix:path=/run/user/1000/bus, hiyo 1000 ni namba ya yuza, ya kwako utaiona ukiandika id -u.

Nikarekebisha, siku ya pili adhuhuri niko katikati ya hesabu za watu giza likaingia. Nilicheka peke yangu. Kichwani nilitaka saa kumi na mbili jioni nikaandika 12, na 12 ya kompyuta ni saa sita mchana, kosa lilikuwepo toka siku ya kwanza ila kwa vile amri haikuwa inafika sikuliona. Nikaweka 18.

Bado, umeme ukikatika au laptopu ikiwa imezimwa saa ile, cron haifidii, imepita imepita. Nikaandika skripti ndogo ya bash (lugha ya amri za teminali) inayoangalia saa kila baada ya dakika kumi, ikiwa kati ya 6 na 18 iweke mwanga, isipokuwa hivyo iweke giza. Hapo ndipo nilipopata kichaa, kila siku saa mbili kamili asubuhi skrini inakuwa nyeusi, saa nne inarudi yenyewe bila mtu kuigusa! Nilipekua mipangilio yote. Shida ilikuwa date +%H, amri inayoisomea skripti saa, asubuhi inatoa 08 na 09, na bash ikiona namba imeanza na sifuri inaihesabu kwa mfumo wa nane ambao hauna tarakimu 8 wala 9, kwa hiyo inagoma, na ikigoma inaangukia upande wa giza. 07 haina neno. Dawa ni kistari kimoja tu, %-H, sifuri inaondoka.

Watu wa mbali naona wanaweka programu za kupiga hesabu jua linazama lini, wana haki, kwao majira yanabadilika sana. Hapa Dar mwaka mzima linazama kati ya saa kumi na mbili na robo hivi na saa moja kasorobo, 18 inanitosha.

Vidogo vilivyobaki: programu za zamani hazifuati color-scheme, ongeza na gtk-theme Yaru-dark, mandhari ya giza ya Ubuntu, mchana irudi Yaru. Picha ya nyuma ya usiku inakaa kwenye mpangilio wa picture-uri-dark, siyo picture-uri, hapo nilibadilisha picha mara tatu usiku nikidhani haikubali.

Dogo sasa anataka na yeye nimuwekee, ila yeye yuko Windows, huko ni Task Scheduler na kuchokonoa rejista, ghala la mipangilio ya Windows, sijaanza.