Mshtarii na Zohali Katika Duara Moja

Jumatatu, 21 Desemba 2020, usiku

Nimeingia ndani sasa hivi, vidole vikiwa bado na unyevu wa umande ulioshika bomba la darubini, nami naandika kabla niliyoyaona hayajafifia. Kwa wiki kadhaa nimezitazama sayari mbili, Mshtarii na Zohali, zikisogeleana jioni baada ya jioni, hadi leo nafasi iliyobaki kati yao ni sehemu ya kumi ya digrii tu, yaani kama moja ya tano ya upana wa mwezi mpevu. Nilikuwa nimesoma kwamba huenda zingeonekana kama nyota moja. Kwa macho yangu hazikuungana: nilipokaza kidogo nilibaini nukta mbili, moja kali na nyingine hafifu.

Zilikuwa chini, karibu na upeo wa macho, na hilo lilinitia wasiwasi, kwa sababu mwanga unaopita katika hewa nene hutikisika kama kokoto inayotazamwa chini ya maji yaendayo. Nilizipata kwa lenzi ya jicho inayokuza mara 36, kisha nikaweka ile ya mara 100, na bado zote mbili zilikuwa ndani ya duara moja! Huku Mshtarii, mikanda yake miwili na miezi yake iliyojipanga mstari. Kule Zohali na pete zake zilizoinama. Siku za kawaida, kutoka moja hadi nyingine ni kugeuza darubini na kuanza kutafuta upya.

Hata hivyo kilichonishangaza zaidi ni tofauti ya mwanga. Zohali, ambayo ikiwa peke yake huniridhisha kwa mng'ao wake, leo ilionekana imefubaa. Iko mbali na Jua karibu mara mbili ya Mshtarii, hivyo kila sehemu ya uso wake hupokea takriban robo tu ya mwanga unaoifikia Mshtarii. Hesabu hiyo nimeijua miaka mingi, ila sikuwahi kuiona kwa jicho. Simu niliyoishikiza kwenye lenzi ilitaabika vivyo hivyo: kila nilipoiruhusu ipokee mwanga zaidi ili pete zitokee, Mshtarii iligeuka doa jeupe lisilo na mikanda.

Na ukaribu wenyewe ni wa mahali tuliposimama tu, kwani kati ya sayari hizo kuna zaidi ya kilomita milioni 700. Hupitana kila baada ya miaka 20 hivi, lakini mara ya mwisho kukaribiana kiasi hiki ilikuwa 1623. Galileo, mwanaastronomia wa Italia, alikuwa hai na darubini anayo, ila zilikuwa karibu mno na Jua. Zitapitana tena 2040 kwa nafasi kubwa zaidi. Kwa ukaribu kama wa leo ni hadi Machi 2080, na katika hesabu hiyo mimi simo.

Zohali ndiyo iliyotangulia kumezwa na ukungu. Mshtarii ikabaki peke yake dakika chache, ikitetemeka na kuwa nyekundu, nami sikuondoa jicho hadi nayo ilipotoweka.