Ahadi za Mfalme Richard

Siku hizi nasoma habari za Richard wa Pili wa Uingereza, na usingizi umenipaa kwa ajili yake. Alirithi kiti cha babu yake mwaka 1377, mtoto wa miaka 10 aliyekwisha fiwa na baba. Mwaka 1381 wakulima waliochoshwa na kodi ya kichwa waliingia London. Kiongozi wao, Wat Tyler, alipouawa pale Smithfield, mfalme huyo wa miaka 14 aliuendea umati wenye hasira akiwa juu ya farasi, akawaambia yeye ndiye kiongozi wao, wamfuate. Wakamfuata! Alikuwa amewapa hati za uhuru. Haukupita mwezi, akazifuta.

Ujasiri ule naupenda mno. Lakini naona hapo ndipo alipozoea kuvunja ahadi.

Mwaka 1388 makabaila walimzidi nguvu, wakawaua watu wake wa karibu. Malkia Anne aliwapigia magoti wamwachie Simon Burley, mlezi wa mumewe tangu utotoni, walikataa. Richard akawapa msamaha, akanyamaza. Anne alipofariki mwaka 1394, aliamuru jumba lao la Sheen libomolewe. Nadhani hakupona tena. Mwaka 1397 Arundel, mmoja wa makabaila wale, alishtakiwa kwa uhaini. Akasema anao msamaha wa mfalme. Akaambiwa umefutwa, na siku hiyohiyo akakatwa kichwa.

Kisha ikaja zamu ya binamu wa mfalme, Henry Bolingbroke. Alimfukuza nchini mwaka 1398, akimwachia hati kwamba mawakili wake wangempokelea urithi baba yake akifa. Baba huyo, mzee John of Gaunt, akafa Februari 1399; Machi hati ikafutwa, mali ikachukuliwa. Kwa maoni yangu, hapo alijimaliza mwenyewe. Mwenye ardhi gani angelala salama baada ya hapo? Naye Richard akaondoka kwenda vitani Ireland! Henry alirudi, akatua Ravenspur, pwani ya Uingereza, na watu wakamiminika kwake.

Mfaransa mmoja aliyekuwa katika msafara wa mfalme ameandika kwamba kabaila Henry Percy alikwenda ngome ya Conwy, Wales, alikokuwa Richard baada ya kurudi, akamwapia kwamba ataendelea kuwa mfalme. Richard akaamini, akatoka. Wakamkamata njiani. Mwezi Septemba alivuliwa ufalme, na Februari 1400 akafa kifungoni Pontefract, kwa njaa, yasemekana. Alikuwa na miaka 33.