Siku moja maishani mwangu: feri, saiba na muziki wangu Mastodon

Saa 11 alfajiri. Anayeniamsha ni jogoo wa jirani, na huyo nshamrekodi mara tatu bila kukusudia, yuko hadi kwenye ngoma yangu ya pili pale mwanzo kabisa ukisikiliza na hedifoni. Saa hizi hapa Likoni, ng'ambo ya feri ukitoka mji wa Mombasa, bado kumetulia kwa hivyo ndio wakati wangu wa kurekodi sauti. Studio yenyewe ni kabati la nguo, blanketi mbili zimening'inia na maiki nimeivisha soksi. Leo nlikuwa na mistari minne tu ya kurudia, nikairudia mara kumi, ya kumi ndo ilikuwa tamu kweli halafu mamangu akaita mlangoni, "We, chai hutaki?" Basi nayo ikaingia.

Saa 1 niko kwenye feri, nimebanwa katikati ya watu na baiskeli. Hapa ndo nlipata biti ya ngoma mpya: ule mlango wa chuma ukishushwa unagonga saruji, gwaa! halafu miguu ya watu wote wakitoka mbio kuwahi matatu. Nlisimama pembeni na simu nikarekodi, askari akaniangalia vibaya, nikajifanya naongea na mtu.

Kuanzia saa 2 niko kazini mjini, kwenye saiba, duka la intaneti. Printi, fotokopi, wazee wa KRA (ile ya ushuru) waliosahau paswedi, hayo hayana hadithi. Mteja akipungua nafungua Mastodon, mtandao wa kijamii ambao ndiko natangazia muziki wangu. Watu huniuliza kwa nini nisikae tu kwenye ile mitandao mikubwa penye watu wote, nami huko nipo pia, lakini nikitupia ngoma inaonekana na watu kumi halafu naambiwa nilipie ndo ionekane. Mastodon hakuna algorithimu ya kukusukuma wala kukuficha, posti zinakuja kwa mpangilio wa saa. Uzuri huo na ubaya huo huo, maana ukiposti saa 12 asubuhi ya Mombasa wenzako wa Ujerumani wamelala, wakiamka posti yako ishazama. Nlijifunza kwa machungu. Pia hakuna seva moja (kompyuta inayobeba akaunti za watu), ziko maelfu zinazoongea zenyewe kwa zenyewe, na kama seva fulani haina hata mtu mmoja anayekufoloa basi huko hufiki mpaka mtu akubusti, yaani aisambaze posti yako kwa wafuasi wake, ndio maana hashtegi lazima, na ndio maana kuwajibu watu ndio kazi yenyewe. Na picha ya kava usiiweke bila maelezo kwa wasioona, watakukumbusha kwa adabu mpaka uone haya.

Seva yangu ya kwanza aliyekuwa akiiendesha alichoka akaifunga. Mafoloa nlihama nao kwenda seva nyingine, lakini posti hazihami, miaka miwili ya maneno na demo ikabaki huko ikapotea nayo. Tangu siku hiyo nyimbo naziweka Funkwhale, mtandao kama huo lakini wa muziki, na nakala ziko kwenye hadidiski chini ya kitanda.

Saa 10 jioni bosi akatoka, nikaangalia pesa. Pesa hazitoki Mastodon, huko nawaelekeza tu, kununua wananunulia Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, ambao wanakata asilimia 15, ila kuna Ijumaa fulani tangu 2020 wanaacha mgao wao, siku hizo mie silali. Zikifika PayPal nazivutia M-Pesa. Leo amenunua mtu mmoja. Nimenunua viazi karai na data.

Saa 3 usiku, Ulaya wako nyuma yetu saa moja au mbili kwa hivyo ndio wameshakula wameketi. Stima ilikuwa imepotea tangu magharibi ikarudi dakika ya mwisho. Ngoma ya dakika 4 ikiwa faili ya WAV, isiyobanwa, ni kama MB 42, naigeuza FLAC, inayobana bila kuharibu sauti, inapungua karibu nusu, na bado ile laini inasonga kama konokono ana mzigo. Ikaingia. Nikaposti na kipande cha dakika moja.

Dakika ishirini baadaye kuna mtu wa Leipzig kauliza: hicho chuma cha mwanzo ni nini, ni drumu gani hiyo? Nikaanza kumwandikia, nikafuta, maana utamwelezaje mtu Likoni kwa herufi 500, ndio mwisho wa posti moja.

Nikatoka barazani kwa mzee wa kahawa, nikampa hedifoni. Yeye intaneti hana habari nayo. Akasikiliza, kikombe mkononi, ile gwaa ya kwanza tu akatabasamu.

"Hii feri."

"Naam mzee."

"Ya upande wa mjini. Ya huku kwetu hugonga mara mbili, pale saruji imeliwa."

Miaka yote navuka na sikuwahi kusikia hilo. Nikamlipa kahawa yangu nikarudi ndani, mtu wa Leipzig nkamjibu hivyo hivyo alivyosema mzee, halafu nikaweka alamu ya saa 11 ili kesho nikarekodi ya upande wetu.