Siku Yangu Ndani ya Baiti 2,048

Saa 2 asubuhi. Kabla ya yote nakompaili programu upya (kuigeuza iwe lugha ya chipu) na kusoma taarifa: data imeshika baiti 1,460. ATmega328P, chipu ninayoiandikia fimweya (programu inayokaa ndani ya kifaa), ina RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya baiti 2,048, basi. Simu uliyoshika inaizidi zaidi ya mara milioni, ndiyo maana watu wakisikia naandika programu za vifaa vidogo hudhani na kazi ni ndogo.

Saa 3 hadi saa 5: barua pepe, kupima vihisi, barua pepe tena.

Saa 5 na robo mteja anapiga. Anataka jumbe 25 mpya kwenye skrini. "Injinia, si maneno tu hayo? Yatakula nafasi gani?" Kila ujumbe herufi 20 na baiti moja ya kufungia: jumla 525. Chipu hii, usipoiamuru vingine, hunakili maneno yote kwenye RAM inapowashwa. Zingebaki baiti 63, na kompaila isingenung'unika. Nayaweka kwenye flashi, kumbukumbu inayohifadhi programu, yenye kilobaiti 32, yasomwe moja moja yanapohitajika. Mteja simwelezi, angeona namzungusha.

Mchana ndio uliniharibikia. Kifaa kinaonyesha joto la nyuzi hasi 3,000, kinajizima, kinawaka, kinatulia saa nzima, kinarudia. Ukikikodolea macho, hakifanyi kitu. Ukigeuka tu, kimeshafanya. Najaza nafasi yote ya RAM iliyo wazi kwa 0xAA, baiti ya alama tu, nakiacha kifanye kazi, kisha nasoma kumbukumbu baiti kwa baiti nione steki (eneo la RAM ambalo programu huweka vitu vyake vya muda) imeshuka hadi wapi. Hakuna 0xAA hata moja iliyosalia. Naanza kufukua laibrari (msimbo ulioandikwa tayari) iliyokuja na kihisi: ndani ya kitendakazi kimoja kuna bafa, nafasi ya muda ya data inayokaa kwenye steki, ya baiti 512. Mimi ninazo 588 tu! Intarapti (ishara inayokatiza programu ghafla) ikiingia pale pale, steki inakanyaga data, na humu hamna mlinzi wa kuizuia. Aliyeiandika aliijaribu kwenye chipu kubwa, bila shaka.

Saa sizifuatilii tena. Nje ni giza. Bafa sasa ni baiti 32, data inapita vipande vipande, na 0xAA zimesalia zaidi ya 400. Mgongo unauma, lakini hizo 400 nimezipigania. Kifaa nakiacha kikiwaka usiku kucha, pini ya intarapti nimeiunganisha na jenereta ya mapigo ikichokoze bila kupumzika. Kikifika asubuhi hakijajiwasha upya, ndipo namtumia mteja.