Siku moja kando ya tangi la kutuamisha tope

Saa 12:00 asubuhi

Wenzangu wengi huanza zamu na skrini ya chumba cha udhibiti. Mimi huanza na maji. Napanda ngazi hadi darajani juu ya tangi, nachungulia ukingoni pale maji safi yanapomwagikia kwenye mfereji yarudi kinuni, kule mawe ya mgodi yanakosagwa. Leo si safi. Yana ukungu wa kahawia, na kibao cheupe cha kupimia kinapotea machoni kabla hakijazama hata shubiri moja.

Opareta wa usiku ananisubiri pale pale. "Shikamoo bosi. Yamekuwa hivi tangu saa tisa usiku."

"Marahaba, pole na zamu. Mmefanya nini?"

"Tumeongeza dawa ya kugandisha tope. Ilikuwa gramu 25 kwa tani ya mawe makavu yaliyosagwa, sasa tuko 40. Lakini naona reki nayo inazidiwa."

Kweli, torki ya reki imepanda, yaani mkono unaokwangua tope chini ya tangi unahitaji nguvu zaidi kuzunguka. Tope la chini nalo limekuwa jepesi: uzito wake ni kilo 1.42 kwa lita, yaani yabisi, mawe yaliyosagwa yaliyomo ndani yake, ni kama asilimia 47 tu ya uzito. Dawa imezidi, maji machafu, tope jepesi. Nauliza mawe yanatoka wapi. Benchi mpya, ngazi mpya ya kuchimbia mgodini, yenye udongo wa mfinyanzi mwingi.

Saa 1:15

Napita chumba cha kuchanganyia dawa. Naanzia hapa kwa sababu dawa mbovu huharibu kipimo chochote nitakachofanya baadaye. Unga wa poliakrilamaidi, ambao ndio dawa yenyewe, unatakiwa unyunyiziwe maji kila punje peke yake. Ukimwagwa kwa pupa hufanya vidonge vya utelezi vyenye unga mkavu ndani, na hivyo haviyeyuki tena. Nachovya kijiti, nakinyanyua: uzi mrefu, laini, hauna donge. Mchanganyiko ni asilimia 0.25 na umepumzishwa zaidi ya saa moja. Dawa ni nzima.

Kuna tone limemwagika sakafuni. Namzuia kijana wa mafunzo asilete mpira wa maji, maana dawa hii ikikutana na maji sakafu haikanyagiki. Mchanga mkavu kwanza, koleo, kisha maji.

Saa 2:30

Kijana anauliza kwa nini tusisubiri tu chembe zizame zenyewe. Swali zuri, na hesabu yake inanifurahisha kila ninapoirudia. Kasi ya chembe ndogo kuzama hufuata mraba wa kipenyo chake. Chembe ya kwatzi ya maikroni 100 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) hushuka karibu milimita 8 kwa sekunde. Ya maikroni 1 huhitaji takriban siku 13 kushuka mita moja, tena katika maji yaliyotulia kabisa. Na haziungani zenyewe, kwa sababu nyuso zake huwa na chaji hasi, kwa hiyo zinasukumana. Kalsiamu ya chokaa hupunguza msukumano huo. Halafu ndipo dawa inapokuja: mnyororo wa molekuli mrefu ajabu, wenye uzito wa molekuli wa milioni 10 hadi 20, unaonasa chembe nyingi kwa wakati mmoja na kuzifanya bonge.

Mnyororo huo hukatika. Pampu ya kasi huukata, kukoroga kwa nguvu huukata, na bonge likishavunjwa halijiungi tena vizuri.

Saa 4:00

Maabara. Hapa ndipo siku yangu hasa ilipo.

Tope linaloingia tangini nimelipima kwa kopo la lita moja: kilo 1.20, yaani yabisi asilimia 26. Ni zito mno kwa mawe yenye udongo namna hii, kwa sababu dawa inashikwa na chembe za kwanza inazokutana nazo, nyingine zinabaki mikono mitupu. Naandaa silinda tatu za mililita 500: moja kama lilivyo, ya pili nimeipunguza kwa maji hadi asilimia 15, ya tatu hadi 10. Kipimo cha dawa ni kile kile, gramu 25 kwa tani. Kwenye silinda ya tatu hiyo ni mililita 5 na ushei za dawa iliyopunguzwa hadi asilimia 0.025.

Naitia dawa kwa awamu, nashusha na kupandisha kijiti chenye sahani ya matundu taratibu. Silinda ya kwanza: mabonge manene yanaonekana upande mmoja tu, na juu yake ukungu umeganda hauondoki. Ya tatu ni jambo jingine. Kwanza tope linakuwa na chengachenga, kisha chenga zinashikana, kisha mstari kati ya maji na tope unajitokeza ghafla na kuanza kushuka hata jicho linauona. Juu yake naweza kusoma namba za upande wa pili wa silinda.

Saa 6:30 mchana

Msimamizi wa zamu anataka tupandishe dawa hadi gramu 60. Namwonyesha silinda. Anaziangalia kwa muda, anakubali: tufungue vali inayorudisha maji ya ukingoni kwenye kisima cha katikati ya tangi, pale tope linapoingilia, ili lipunguzwe kama kwenye silinda ya tatu, tugawe dawa sehemu mbili badala ya moja, kisha tuishushe polepole.

Wakati wa chakula kijana anauliza kama inawezekana kugandisha madini fulani tu na kuacha mengine. Inawezekana. Mgodi wa Tilden, Michigan, hutumia wanga wa mahindi kukusanya chembe za chuma huku silika laini ikibaki inaelea na kuondolewa na maji. Kazi nzuri sana ile.

Saa 9:45 alasiri

Kibao cheupe kinaonekana hadi urefu wa mkono. Torki imeanza kushuka. Dawa tumeifikisha 28.

Saa 11:40 jioni

Tope la chini sasa ni kilo 1.50 kwa lita, yabisi karibu asilimia 53. Bado nataka 1.60, lakini tope lenye dawa iliyozidishwa usiku halijatoka lote.

Opareta wa usiku amerudi. "Kwa hiyo bosi, yakichafuka tena tusiongeze dawa?"

"Pima kwanza tope linaloingia. Likizidi asilimia 12 baada ya maji kuchanganywa, fungua vali kidogo, usubiri nusu saa. Mawe ya benchi ile yataendelea kuja hadi kesho mchana."

Anaandika daftarini, nami nampa silinda.